Aliyeonja Kwanza

Heshima si utumwa, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuishi nyumbani kwa Ignas, mwenyekiti wa kijiji kimoja nje kidogo ya Sepuka, wala hawakumjua Dorika. Wangemjua, pengine wangeunyamazia msemo wao.

Dorika alikuwa binti wa Mtemi. Baba yake alikalia kigoda, akaamua kesi, akaombea mvua, na watu wakamwinamia mpaka serikali ya Uhuru ilipofuta utemi nchi nzima. Mwaka uliofuata akafa. Wengine walisema ni moyo, wengine wakasema ni aibu, na waliomjua vizuri walisema hivyo viwili kwake vilikuwa kitu kimoja. Kaka zake Dorika walitawanyika na ng'ombe wao, kila mmoja akiogopa kuitwa kabaila. Baraza la Mtemi likageuzwa ghala la majembe na mbegu za kijiji. Dorika, kitinda mimba asiye na mama, akabaki ameketi mlangoni pa ghala hilo na sanduku lake la bati.

Hapo ndipo alipokuja Ignas. Utotoni Ignas alikuwa mchunga ndama wa Mtemi. Mama yake, Magdalena, alikuwa mwonja pombe wa baraza: kabla Mtemi hajagusa kata, Magdalena alipiga funda moja mbele za watu ili ionekane hakuna sumu wala uchawi. Kama sumu ingekuwamo, angekufa yeye. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na kwa kazi hiyo alipewa unga na kaniki ya kujifunga. Sasa mwanawe alikuwa mwenyekiti wa TANU pale kijijini, mwenye shati jeupe na baiskeli. Alimshika Dorika mkono mbele za watu, akasema kwa sauti, "Mtoto wa Mtemi hatalala njaa mimi nikiwa hai." Akina mama walilia kwa wema ule. Hata Dorika alilia.

Miaka sita ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na kweli Dorika hakulala njaa. Ignas hakuwa mwongo wa jambo dogo kama hilo. Ila alfajiri Dorika alikuwa tayari bondeni anafukua mchanga wa mto kutafuta maji. Jua likichomoza alikuwa kwenye jiwe la kusagia uwele. Kuni zilikuwa zake, zizi lilikuwa lake, na mtoto wa mwisho wa Ignas alikuwa mgongoni mwake. Esta, mke wa Ignas, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyezoea haraka. Mwaka wa kwanza alisema, "Dorika, nisaidie." Mwaka wa pili alisema, "Dorika!" Kuanzia mwaka wa tatu alikohoa tu, na Dorika akaja.

Kazi yenyewe haikumuua. Wanawake wote wa kijiji walifanya kazi kama hiyo. Kilichomuua ni wageni. Kila alipokuja mgeni, awe bwana shamba au mnunuzi wa alizeti, Ignas aliketi vizuri kwenye kiti chake cha kukunja, akaita, "Mwanangu Dorika, mnawishe mgeni." Dorika akaja na birika na bakuli. Maji yalipokuwa yanamwagika kwenye mikono ya mgeni, Ignas alisema polepole, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Huyu ni binti wa marehemu Mtemi." Mgeni akashtuka, akamtazama Dorika, halafu akamtazama Ignas kwa macho mapya. Ignas alikula macho yale kabla ya kula ugali.

Vitu viwili tu Ignas hakuvipata kwa Dorika. Dorika alinawisha wageni ameinama, lakini hakupiga magoti. Na hakumwita Ignas "baba." Alimwita "Ndugu Mwenyekiti" asubuhi, mchana na jioni, mbele ya watu na nyuma ya watu. Ignas alimwita mwanangu, akasubiri. Alimnunulia kitenge cha Krismasi, akasubiri. "Asante, Ndugu Mwenyekiti," alisema Dorika. Ilikuwa ndiyo mali yake yote, goti hilo na neno hilo, naye aliyalinda kama mjane anavyolinda mbegu za msimu ujao.

Wazee wa kijiji nao walikuwa na lao. Sheria ilikuwa imefuta utemi, lakini sheria haikufika magotini mwao. Dorika akipita njiani na mtungi, mzee alishuka pembeni, akainamisha kichwa. Akiwaamkia, "Shikamoo, mzee," hawakuitikia marahaba, maana nani angepokea shikamoo ya damu ya Mtemi? Walinyamaza, wakatazama chini mpaka apite. Mvua ikichelewa, ungekuta asubuhi kibuyu cha maziwa kimewekwa mlangoni pa nyumba ya Ignas, na kila mtu alijua hakikuwa cha Ignas. Hakuna aliyemsaidia kubeba kuni. Kumsaidia kungekuwa kusema wazi kwamba binti wa Mtemi anabeba kuni.

Mwaka wa nne alijaribu kuondoka. Alifunga nguo zake katika kanga, akajitwika, akashika njia ya Issuna, ambako alisikia kuna mama mmoja muuza vyungu anayetaka mtu wa kumsaidia sokoni. Alikuwa amekwisha kupita mawe makubwa ya mpakani mwa kijiji alipokutana na mzee Alute, mzee kuliko wazee wote wa pale, aliyewahi kukaa mkono wa kulia wa baba yake barazani. Alute alishuka pembeni ya njia. Kisha akaona mzigo ule kichwani, na uso wake ukavunjika.

"Binti wa Mtemi hatembei peke yake na mzigo kichwani," alisema. "Watatucheka."

"Niache nipite, mzee. Nakuomba."

"Nitakubebea."

Akaupokea mzigo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akageuka, akatangulia nao kurudi kijijini. Dorika alisimama pale njiani. Nguo zake zote zilikuwa zinaondoka juu ya kichwa cha mzee anayelia. Angeweza kuendelea mbele na kanga moja mwilini, hakuendelea. Alimfuata Alute mpaka mlangoni kwa Ignas, na Ignas alimshukuru mzee kwa kumpa ugoro.

Basi ndivyo ngome iliyomfungia Dorika ilivyojengwa. Ignas alikuwa ukuta mmoja tu. Kuta nyingine zilikuwa watu waliompenda.

Kisha akaja Laurian. Alikuwa mtu wa reli huko Itigi, katika kundi la kukaza na kubadilisha mataruma, mrefu, mwenye viganja vigumu kama ngozi ya kiatu. Dada yake aliolewa Sepuka, naye alikuja kumsalimu na madumu mawili ya asali ya porini. Alipita bondeni, akamkuta mwanamke amezama mpaka kiunoni katika shimo la mchanga.

"Dada, naomba maji," alisema.

Dorika alisimama ndani ya shimo na kata mkononi. Dada! Tangu azaliwe hakuna mtu nje ya nyumba yao aliyewahi kumwita dada. Alimpa maji. Laurian akanywa, akapangusa mdomo, akamwambia atoke shimoni apumzike, akaingia yeye, akachimba. Hakujua anachimba kwa ajili ya nani. Alipokuja kuambiwa na dada yake kwamba yule ni binti wa Mtemi, alikuwa amekwisha kuchelewa, maana moyo ulikuwa umekwisha kuamua.

Alileta wazee wake kuposa. Ignas aliwapokea vizuri, akawachinjia jogoo, akamwita Dorika awanawishe. Walipokwisha kula, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Ndugu zangu, mimi ningependa. Lakini mtazameni. Hii ni damu ya Mtemi. Nitawaambia nini wazee wangu? Kwamba nimemtoa binti wa Mtemi kwa mtu wa kubeba mataruma?"

Dorika alikuwa amesimama pale pale na bakuli la maji machafu mikononi. Ndipo alipoiona kamba yote iliyomfunga, mwanzo wake na mwisho wake. Maji yakihitajika, yeye ni wa kuteka. Mgeni akija, yeye ni wa kunawisha. Lakini akitaka kuondoka, ghafla anakuwa binti wa Mtemi, asiyegusika, mtu wa kigoda. Na kama angelalamika kwa wakubwa kwamba amefanywa mtumishi, Ignas angeshangaa mbele ya dunia nzima: mtumishi? Kiongozi wa chama awe na mtumishi, kama kupe? Huyu ni mtoto wangu!

Mara ya pili Laurian alikuja mwenyewe. Jibu lilikuwa lile lile, bila jogoo.

Mara ya tatu hakwenda kwa Ignas. Alimkuta Dorika bondeni, akakaa ukingoni mwa shimo, akasema bila kumtazama, "Wananihamisha. Kundi letu linapelekwa mbali, upande wa Kigoma. Lori la mtama linaondoka Sepuka keshokutwa asubuhi kwenda Itigi. Nitakuwa ndani yake. Sitaweza kurudi tena huku, Dorika. Safari moja ni mshahara wangu wote."

"Nikitoroka watanirudisha."

"Najua. Ndiyo maana sisemi utoroke."

"Basi unasema nini?"

Laurian alifikicha mchanga kati ya viganja vyake. "Sijui nasema nini. Nimekuja kukuona tu."

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa sherehe ya mavuno ya shamba la ujamaa. Mtama ulikuwa umekubali mwaka ule, na wilayani walikuwa wanatuma mgeni kuja kuliona shamba la mfano. Dorika na akina mama wengine walikuwa wamepika pombe wiki nzima. Jioni ya kuamkia sherehe, wakichuja, bibi Magdalena alikuwa ameketi karibu na moto. Alikuwa amezeeka sana, macho yana ukungu, lakini ulimi wake ulikuwa bado kijana. Nyumba nzima ndiye peke yake aliyemnong'oneza Dorika "Mtemi wangu," kwa siri, kama mtu anayempa mtoto kipande cha nyama.

"Analia nani?" aliuliza.

"Ni moshi, bibi."

"Moshi unaelekea kwangu." Magdalena aligeuza uso upande wake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mtemi wangu. Baba yako hakuwahi kujua kuinama. Alikufa amesimama wima, na ilimfaa nini?"

Dorika alidhani bikizee anamwambia azoee. Alikasirika kimoyomoyo, akaendelea kuchuja.

Kesho yake asubuhi, Magdalena alianza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha kutisha, akajifunika blanketi, akasema hawezi kutoka nje. Ignas alikuja mbio kutoka uwanjani na shati lake jeupe.

"Mama, pombe itaonjwa na nani? Wazee hawanywi mpaka mwonjaji wa nyumba ameonja. Leo mgeni yupo!"

"Aonje Esta."

"Esta ananyonyesha, tumbo linamsumbua." Akafikiri, kisha uso ukamng'aa. "Ataonja Dorika."

Bikizee alitoa kichwa kwenye blanketi. "Ignas, mwanangu, huyo asionje. Wewe ulikuwa na ndama, hukukaa barazani. Hujui..."

"Mambo ya baraza yalikwisha, mama! Mtakufa nayo nyinyi."

Magdalena akarudi ndani ya blanketi bila kubishana zaidi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Dorika alisikia yote. Yeye alikaa barazani. Alikaa mapajani mwa baba yake, akaona. Mwonjaji akishaonja, Mtemi alipokea kata na kugusa pombe, na kabla hajaiweka chini wazee wote walichuchumaa, wakakunja viganja, wakapiga makofi mazito ya polepole. Midomo ya ukoo wa kigoda ikigusa pombe barazani, makofi hupigwa. Haikuwa sheria iliyoandikwa mahali. Ilikuwa mikononi tu. Miaka sita yote Dorika hakugusa pombe mbele ya wazee, kwa hofu hiyo hiyo. Ignas, aliyekulia machungani, alichojua ni upande aliouona kwa mbali: kwamba mwonjaji ni mtu wa chini, na kwamba mama yake ndiye aliyekuwa wa chini.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "tafadhali, mimi nisionje."

Ignas alimgeukia. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, wema wote ulimwondoka usoni, na chini yake alikuwapo mchunga ndama.

"Unaona aibu? Mama yangu alionja pombe ya baba yako mpaka meno yakamtoka. Kila siku nilimtazama nikisema, leo atakufa. Leo atakufa, na mimi nitarudi na ndama nikute amelala. Ulipokuja kuzaliwa wewe, ulikaa mapajani kwa baba yako unacheka. Leo utaonja, Dorika. Funda moja tu."

Ilikuwa kweli, na Dorika alijua. Akachukua kata.

Uwanja ulijaa. Wazee waliketi kwenye magogo, Alute akiwa katikati. Mgeni wa wilayani, Ndugu Mselemu, alikuwa mtu wa mjini mwenye miwani na kofia ya kiua, Mwislamu asiyegusa pombe, na kwa hiyo yeye peke yake pale uwanjani alikuwa na uhakika wa kuona kila kitu vizuri. Laurian alikuwa amesimama nyuma pamoja na shemeji yake, amekuja kuangalia mara ya mwisho. Hotuba zilikwisha. Ignas akaita, "Dorika, mwanangu, tuonjee."

Alitembea mpaka kwenye mtungi. Akachota kidogo tu, akapeleka kata mdomoni. Pombe ilikuwa nzuri. Alikumbuka baadaye kwamba alilifikiria hilo, kwamba pombe imetoka vizuri.

Kofi la kwanza lilikuwa la Alute. Alichuchumaa kutoka kwenye gogo lake kama aliyevutwa na kamba, akakunja viganja, akapiga. Wa pili akafuata, na wa tatu, na kufumba na kufumbua wazee wote walikuwa chini mavumbini, vichwa vimeinama, makofi yanagonga pamoja, mazito, ya polepole, makofi ambayo hayakusikika katika nchi ile tangu Mtemi azikwe. Wanawake walianza kulia. Mzee mmoja alilia zaidi ya wanawake.

Ndugu Mselemu alisimama.

"Hiki ni nini?"

Makofi yalikufa.

"Nauliza! Utemi ulifutwa. Hapa mbele ya bendera ya chama, mnampigia nani makofi? Ndugu Mwenyekiti, mwanamke huyu ni nani?"

Ignas alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Ni... ni mtoto wangu, Ndugu Mselemu. Ni mtoto wa nyumbani kwangu tu."

"Mbona wazee wanamsujudia mtoto wako?" Mselemu akamgeukia Dorika, akavua miwani. "Sema mwenyewe, ndugu. Wewe hapa ni nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Dorika alisimama na kata mkononi, na majibu yote yalikuwa mbele yake kama njia panda. Akisema mtumishi, Ignas amekwisha, atavuliwa uenyekiti kwa unyonyaji, na bibi Magdalena atamaliza uzee wake katika aibu ya mwanawe. Akisema binti wa Mtemi, wazee wale waliokuwa bado wamechuchumaa wataandikwa majina, na yeye mwenyewe atalindwa kama chatu wa tambiko. Alimtazama Laurian. Laurian alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, wala hakumwonyesha chochote cha kusema.

Ndipo akasikia ndani ya tembe ya Ignas kikohozi cha bibi Magdalena kimekoma kabisa. Mtaka cha mvunguni.

Aliiweka kata chini. Akatembea, wazee wote wakimtazama, mpaka mbele ya kiti cha kukunja cha Ignas, na pale mavumbini akapiga magoti yote mawili.

"Shikamoo, baba," alisema.

Alisikia Alute akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa.

"Mimi ni mtoto wake, Ndugu Mselemu. Si mtu mwingine. Wazee hawa mikono yao imezoea tu, usiwahesabie kosa. Ng'ombe naye hurudi zizi la zamani." Kisha akainua uso kumtazama Ignas. "Baba, yupo mtu amekuja kuniposa mara mbili. Yule pale nyuma, mtu wa reli. Ulimjibu kwamba damu ya Mtemi haiolewi na mbeba mataruma. Leo mgeni yupo, na chama kipo. Niambie tena, baba, nisikie mimi ni damu ya nani."

Ndugu Mselemu alimgeukia Ignas taratibu sana. "Ulisema hivyo, Ndugu Mwenyekiti?"

Ignas alifungua mdomo. Dorika aliyaona macho yake kwa karibu, akategemea kuona hasira. Hakuona hasira. Macho yalikuwa yamelowa. Mtu yule alikuwa amesubiri neno lile miaka sita, pengine miaka arobaini, na sasa lilikuwa limekuja siku ile ile ya kumpokonya mtoto. Hata sasa mkono wake ulitaka kumgusa kichwani, kama baba afanyavyo, nao ukaogopa njiani.

"Marahaba, mwanangu," alisema, sauti imekauka. "Hapana, ndugu mgeni. Wazee wake walinielewa vibaya. Mtoto wangu ataolewa na amtakaye."

"Basi mambo yenyewe ndiyo hayo!" alisema Mselemu, akavaa miwani, ameridhika. "Huo ndio ujamaa. Tuendelee."

Pombe ikagawiwa. Lakini Alute hakunywa. Alisimama kwa shida, akaumimina mgao wake wote ardhini mbele ya Dorika, aliyekuwa bado mavumbini.

"Walitunyang'anya kigoda, tukanyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Tulikuwa tumebakiwa na wewe."

Akaondoka, na wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Asubuhi ya kuondoka, bibi Magdalena alikuwa mzima kama kigori. Alikuwa ameketi mlangoni na mabaki ya pombe katika kibuyu kidogo, akatafuta kata kwa kupapasa, kama alivyofanya maisha yake yote, ili aonje kwanza, ndipo ampe. Dorika aliiwahi kata. Alipiga funda yeye, akameza, kisha akaiweka kwenye mikono ya bikizee.

"Haina sumu, bibi. Kunywa."

Magdalena alikunywa polepole, machozi yakimtiririka kwenye mikunjo ya uso. "Hakuna mtu aliyewahi kunionjea," alisema. Alipomaliza, viganja vyake vilianza kukunjana vyenyewe, vikitafuta kupiga. Dorika akavishika visigongane, na wakakaa hivyo mpaka Laurian alipoita.

Ignas hakutoka ndani. Esta alikohoa, kwa mazoea, halafu akakumbuka, akatoka kumpa mkono.

Dorika alijitwika mzigo wake, Laurian akatangulia na sanduku la bati. Kwenye kona ya kuelekea barabarani wakakutana na mzee Alute, anatoka machungani na fimbo yake. Dorika alisimama. Alijua njia ile ni nyembamba, na alijua mzee alikuwa akifanya nini kila walipokutana. Safari hii Alute hakushuka pembeni. Alikuja katikati ya njia, macho mbele, na yeye Dorika ndiye aliyelazimika kusogea majanini na mzigo wake kichwani.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Alute alipita, bega lake likagusa bega la Dorika. Alikuwa amekwisha kupita hatua kadhaa ndipo alipojibu bila kugeuka, kama anavyojibiwa mtoto wa mtu yeyote.

"Marahaba."

Dorika alikuwa ameitamani marahaba hiyo miaka sita. Alilia nayo mpaka lori likafika, akapanda juu ya magunia ya mtama pamoja na abiria wengine, na hakuna aliyesogea kumpisha.